Zawadi za kicheni pati: kipi kipande ndege kwenda Uingereza, kipi kibaki nyumbani

Seti ya hotpoti tatu, sufuria saba zinazoingiana, dina seti ya watu kumi na wawili, blenda, presha kuka, mbuzi ya nazi, kinu na mchi wake, chetezo, na mwiko uliofungwa utepe wa waridi. Hiyo ndiyo meza ya kicheni pati ya kawaida, iwe Dar es Salaam, Arusha au Mwanza. Kamati ikishapiga picha na kutawanyika, bibi harusi anabaki na hesabu yake peke yake: mume yuko Uingereza, viza ya mwenzi imeshatoka, na tiketi inaruhusu mabegi mawili ya kilo 23. Mashangazi wanasema beba vyote, huwezi kwenda kwa mumeo mikono mitupu. Mume kwenye simu anasema usibebe chochote, kila kitu kipo. Wote wanakosea.

Hapa tumezipima zawadi hizo kwa maswali matatu. Je, zitafanya kazi kwenye jiko la huko? Huko zinapatikana kwa urahisi? Na kilo zake zinalipa? Kipimo chetu ni nyumba ya kupanga ya England, jiko dogo lenye dirisha moja, watu wawili wanaofanya kazi kwa zamu. Anayekwenda Ujerumani au Uholanzi mengi yatamfaa pia, ila plagi ni nyingine. Anayekwenda Marekani asome kwanza sehemu ya umeme kabla hajafunga begi.

Picha ya jiko kwanza

Kauli ya "kila kitu kipo" isipokelewe bila picha. Mwanaume aliyekaa peke yake miaka mitatu huwa na kikaango kimoja kilichochubuka, bakuli la mikrowevu na vijiko viwili, na kwake hicho ndicho kila kitu. Atume picha tatu: juu ya jiko, ndani ya oveni, na soketi ya ukutani. Ile ya kwanza ndiyo inayoamua hatima ya sufuria zote.

Majiko ya huko ni ya aina nne. La gesi unalijua. La sahani nene nyeusi za chuma linachelewa kupata moto na linachelewa kupoa. Mawili yaliyobaki ndiyo yanayochanganya watu, kwa kuwa yote ni kioo cheusi kilicholazwa: moja ni seramiki, ambalo waya wake chini ya kioo huwaka mwekundu, jingine ni induksheni, ambalo haliwaki kabisa. Kuyatofautisha, mume aliwashe bila kuweka chombo. Likipata wekundu ni seramiki. Likimulika alama kisha likajizima, ni induksheni. Linatafuta sufuria na halijaiona.

Sufuria za alumini: zibaki, isipokuwa moja

Zile sufuria zetu zisizo na mikono, kingo zimekunjwa nje, kwenye gesi hazina neno. Kwenye induksheni ni bure kabisa. Jiko lile hupasha chombo kwa nguvu ya sumaku, na alumini ya kawaida haishikwi na sumaku, kwa hiyo maji yatakaa baridi mpaka kesho. Kipimo ni sumaku ndogo ya kubandika kwenye friji: iguse chini ya sufuria, iking'ang'ania, sufuria inafaa, ikidondoka, haifai. Stenilesi nyingine zinashika na nyingine hazishiki, hivyo usinunue kwa kusoma jina la chuma, tembea na sumaku mkobani. Kuna sahani ya chuma inayouzwa ili ikae kati ya induksheni na sufuria ya alumini. Inafanya kazi kwa shida: inapoteza moto mwingi, na ikizidi joto jiko linajizima katikati ya wali.

Kwenye seramiki alumini inapata moto, tatizo linahamia kwenye kitako. Moto wa kuni au gesi unakumbatia sufuria pande zote. Kioo kinatoa joto hasa pale kinapoguswa. Sufuria iliyobonyea au yenye tumbo inagusa kidogo katikati, basi chakula kinaungua katikati na pembeni kibichi. Weka ukingo wa rula juu ya kitako, uelekeze kwenye mwanga. Ukiona mwanga unapita chini ya rula, hiyo ni ya gesi tu. Na usiiburute juu ya kioo, inyanyue. Punje moja ya mchanga au chumvi inatosha kuacha mkwaruzo wa kudumu.

Kazi inayoumiza zaidi kioo ni kusonga ugali. Nyumbani mafiga yanaibana sufuria, au mtu anaishika kwa kitambaa na kuikandamiza. Juu ya kioo inateleza, nawe unazidi kuikandamiza, na kioo kina mwisho wa uvumilivu. Kikipasuka, gharama inakatwa kwenye amana ya pango, ambayo kwa sheria ya England ya 2019 haizidi kodi ya wiki tano kwa nyumba nyingi. Njia salama ni hii. Kwa watu wawili chemsha maji mililita 500. Koroga vijiko vitatu vya unga kwenye maji kidogo ya baridi, mimina, acha uji uchemke dakika tatu au nne. Ongeza unga kidogo kidogo mpaka ufike jumla ya gramu 280 hadi 300, kulingana na ugumu mnaoupenda. Uji unapoanza kuwa mzito, hamisha sufuria: weka kibao cha kukatia kwenye kaunta, juu yake kitambaa kibichi kilichokunjwa, juu yake sufuria. Kitambaa kibichi hakitelezi, na kibao kinakinga kaunta isiungue, maana alama ya sufuria ya moto kwenye kaunta za plastiki haifutiki. Songa hapo kwa nguvu zako zote, rudisha jikoni, funika dakika tatu moto mdogo. Jiko la seramiki au la sahani za chuma unaweza kulizima kabisa wakati huo. Joto lililobaki linatosha kuivisha.

Kwa hiyo kama jiko ni la gesi, beba moja ya lita mbili au tatu, hasa kwa mazoea ya mkono. Kama si la gesi, seti nzima iachie mdogo wako. Nunueni huko sufuria mbili za kitako kinene: moja ya lita mbili yenye mkono mrefu, ya ugali na uji, na moja ya lita nne au tano yenye masikio mawili na mfuniko wa chuma mtupu, bila kishikio cha plastiki. Hiyo ya pili itaingia kwenye oveni, na sababu yake inakuja hapo chini. Sufuria kubwa ya pilau ya watu ishirini isiwaumize kichwa mwaka wa kwanza, haitatosha hata kwenye sinki lenu.

Mwiko

Ipande ndege, miwili: mmoja wa ugali, mmoja wa wali na mboga. Hiki ndicho chombo pekee kwenye meza nzima ambacho hatujaona mbadala wake kwenye supamaketi. Vijiko vya mbao vya huko vina shingo nyembamba, vimetengenezewa supu, na katika ugali wa tatu au wa nne vinavunjika shingoni. Mwiko uwe umelainishwa vizuri, hauna gome wala tundu za wadudu. Weka kwenye begi la chini ya ndege. Kwenye begi la mkononi mwiko ni mwiko, mkaguzi anaweza kuuona ni rungu.

Adui wake huko ni ukavu. Majira ya baridi nyumba inapashwa moto madirisha yamefungwa, hewa inakauka, na mbao iliyozoea unyevu wa pwani inapasuka kwa urefu. Ndiyo maana kinu cha mbao tumekikataa, uzito wake tukiuacha kando. Mwiko usiuweke juu ya redieta ukauke, usiutie kwenye mashine ya kuoshea vyombo, na usiuloweke usiku kucha. Mara moja kwa mwezi upake mafuta mepesi ya kukinga mbao, yale yanayouzwa kwa ajili ya vibao vya kukatia. Mafuta ya alizeti yanafaa kwa dharura, ila yanachacha na kunata.

Unga, kwa kuwa mwiko bila unga ni fimbo

Kosa la wiki ya kwanza linafanana kwa wengi: pakiti nyeupe ya supamaketi iliyoandikwa Cornflour. Kwa Kiingereza cha Uingereza huo ni wanga mtupu wa mahindi, wa kuzitia uzito supu. Ukiusonga unapata gundi inayong'aa. Polenta ni mahindi kweli, lakini ya njano na chenga; ile ya kuiva kwa dakika moja imeshapikwa kiwandani na haishikani. Unga wa P.A.N. nao umepikwa kabla, unafaa kazi yake ya Amerika Kusini, kwetu unatoa donge laini lenye kunata meno. Masa harina ya Kimeksiko imelowekwa kwenye chokaa na harufu yake hutaisahau.

Tafuta maduka ya Kiafrika au ya Kihindi. Sembe nyeupe ya Afrika Kusini, Iwisa au White Star, inasongeka vizuri, ila chenga zake ni kubwa kidogo kuliko za kwetu: mpe uji dakika mbili za ziada, la sivyo ugali utakuwa na mchanga mchanga mdomoni. Maduka ya Waafrika Mashariki huwa na unga wa Kenya pia. Kilo mbili za sembe ndani ya begi zinafaa kwa wiki mbili za mwanzo, mpaka mtakapojua duka liko wapi. Zaidi ya hapo mnasafirisha mzigo unaouzwa mtaani.

Mbuzi ya nazi, na wali wenyewe

Mbuzi ibaki. Tunajua itauma, hasa kwa watu wa Tanga, Mombasa na Visiwani, lakini tatizo la huko halipo kwenye kukuna, lipo kwenye nazi. Nazi ya supamaketi imekaa safarini wiki nyingi. Itikise: ikiwa haina maji ndani, au moja ya macho yake matatu ni bichi na lina ukungu, usiichukue. Hata nzima, katika nne mtapata moja iliyochacha, na tui la nazi tatu litawagharimu kuliko nyama. Zaidi ya hayo, kigoda chenye ulimi wa chuma wenye meno kinakula nafasi ya nguo za miezi mitatu.

Mbadala bora ni nazi iliyokunwa na kugandishwa, iko kwenye friza za maduka ya Kihindi na Kifilipino, mara nyingi pakiti za gramu 400. Iyeyushe, tia kwenye blenda na maji ya uvuguvugu mililita 400, saga dakika moja, kamua kwa kitambaa. Hilo ni tui zito. Rudisha chicha kwenye blenda na maji mengine 400 upate tui jepesi. Maji yasiwe ya kuchemka. Mvuke unarusha mfuniko wa blenda na kuchoma mikono. Chicha iende kwenye pipa la taka za chakula, si kwenye sinki.

Tui la kopo ni la siku za zamu. Geuza kopo usome viambato kabla ya bei. Kinachotakiwa ni asilimia ya nazi: kuna makopo yenye nusu nazi nusu maji na mengine yanazidi asilimia 80. Lililoandikwa Light ni lilelile limeongezwa maji, nawe maji unayo bombani. Likiwa na gundi ya guar, inayoandikwa pia E412, halitatengana likae tui zito juu na jepesi chini hata ulilaze kwenye friji, kwa hiyo usilinunue kama unataka kumalizia mchuzi kwa kasimile. Aroy-D ya boksi ya nazi na maji matupu inatengana vizuri.

Sasa kupalia. Wali wa nazi unaiva kwa moto wa juu na chini, na mkaa juu ya mfuniko huko hakuna. Hapa ndipo ile sufuria yenye mfuniko wa chuma inapolipa. Osha mchele gramu 400, loweka dakika 20, chuja. Chemsha kopo moja la tui la mililita 400 pamoja na maji 300 na kijiko kidogo cha chumvi, tia mchele, geuza mara moja tu. Moto wa wastani mpaka tui limekauka juu na vishimo vimeonekana, kama dakika 10. Funika kwa karatasi ya alumini, kisha mfuniko, ingiza kwenye oveni iliyokwisha kupata nyuzi 150 za Selsiasi kwa dakika 20. Unatoka umekauka, punje zimesimama, na ukoko mwembamba wa rangi ya dhahabu. Kwa mchele, basmati inazoeleka, lakini kwa wali wa nazi tunapendelea jasmini ya Thailand. Harufu yake na mshikamano wake viko karibu zaidi na mchele wa Mbeya.

Raisi kuka ni zawadi nzuri kwa wali mweupe. Kwa nazi inadanganya. Chini yake kuna kihisi kinachozima moto pale joto linapopanda juu ya nyuzi 100, yaani maji yakishakauka. Sukari na mafuta ya tui vinaganda na kuungua kwenye kitako mapema, kihisi kinadhani kazi imekwisha, na wali wa juu unabaki na kiini. Pikia tui jepesi, na lile zito limwagie juu kikishajizima, funika dakika 10.

Presha kuka: ndiyo, lakini kwa masharti

Maharage, makande, kande za ngano na miguu ya ng'ombe ni saa mbili za mvuke kwenye jiko dogo. Desemba, dirisha limefungwa, mvuke huo unakwenda kukaa kwenye kona ya chumba cha kulala, na Februari kona inageuka nyeusi kwa ukungu. Wakala wa nyumba atasema ni mapishi yenu. Presha kuka inafunga mvuke ndani, na maharage yaliyolowekwa saa nane yanaiva kwa dakika 15 tangu ianze kupiga. Ile ya alumini yenye kitako bapa ina uzito wa kilo mbili hivi na inafaa kwa gesi na seramiki. Kwa induksheni haifai, na sababu umeshaisoma.

Usijaze maharage kupita nusu ya chombo; povu linapanda na ganda moja linaziba tundu la mvuke. Kabla ya kila mapishi ng'oa kizito cha juu, inua mfuniko kwenye mwanga uchungulie tundu, lazima uone upande wa pili. Kinachokufa kwanza ni mpira wa mfuniko. Chapa nyingi za Kariakoo hazina vipuri Uingereza, kwa hiyo nunua mipira miwili ya ziada na vali moja ya usalama siku hiyohiyo ya kununua kuka. Mtoa zawadi mwenye akili angeiweka ndani ya boksi.

Wasiobeba, wanunue ya umeme huko; maharage makavu yasiyolowekwa yatahitaji kama dakika 45. Ila msiichanganye na chungu cha umeme cha kupika polepole, kinachofanana nayo kwa umbo. Kile hakichemki sawasawa, na maharage mekundu yana sumu ya asili inayovunjwa kwa kuchemka hasa. Yaloweke, mwaga maji, yachemshe kwa nguvu dakika 10 kwenye sufuria, ndipo yaingie humo. Wanaoruka hatua hiyo huishia kutapika wote wawili usiku mmoja.

Hotpoti

Ile ndogo ya seti, lita moja au moja na nusu, ipande ndege. Kwa watu wa zamu tofauti ni chombo cha maana: chapati za saa kumi jioni zinamkuta anayerudi saa tano usiku zingali laini, wakati mikrowevu inazifanya ngozi ya kiatu. Chapati zipoe dakika mbili kwanza, na chini weka kitambaa cha pamba, la sivyo jasho la mfuniko linazilowesha. Mbili kubwa zibaki; ni za shughuli. Hiyo ndogo isafiri imejaa vitenge, soksi na viungo vya pilau, kwani hotpoti tupu begini ni kusafirisha hewa.

Blenda na ndugu zake wa umeme

Tanzania na Uingereza umeme ni uleule, volti 230 na mizunguko 50, na plagi ya pini tatu bapa ni ileile. Kitu cha Dar kitawaka. Tatizo ni dhamana, ambayo haivuki mpaka, na jagi la kioo ambalo halipendi kurushwa na wapakiaji. Blenda ibaki, birika la umeme libaki, pasi ibaki. Vyote vinauzwa huko kwa bei ya kawaida. Ukibeba kifaa cha pini mbili za duara, kibadilishie plagi yenye fyuzi kwanza: ya ampea 3 kwa vifaa vidogo kama blenda, 13 kwa vya kupasha moto. Ule mtindo wa kuchomeka kalamu kwenye tundu la juu ili pini mbili ziingie uache Kariakoo.

Kwa Marekani hadithi ni nyingine kabisa. Kule ni volti 120 na mizunguko 60. Kifaa cha kupasha kikipewa nusu ya volti kinatoa robo ya nguvu, kwa hiyo birika la wati 2,000 linakuwa la wati 540 hivi na chai inachemka mkishachelewa kazini. Mota ya blenda itanguruma na kupata moto. Transfoma ya kubeba mzigo huo ina uzito kuliko blenda yenyewe. Msibebe chochote cha umeme isipokuwa chaja za simu na kompyuta zilizoandikwa 100-240V.

Mita za kulipia kabla, mithili ya LUKU, zipo Uingereza pia, unajaza kwa kadi au ufunguo dukani. Tofauti moja inawashangaza wageni: kuna ada ya kila siku inayokatwa hata kama hamjawasha taa, basi mkisafiri mwezi mzima mtarudi mita ikiwadai. Na bili, ya umeme au ya maji, iandikwe majina yenu wote wawili tangu mwezi wa kwanza. Viza ya mwenzi inayotolewa nje ya nchi ni ya miezi 33, na siku ya kuiongeza mtatakiwa kuonyesha kwamba mmeishi pamoja. Barua za nyumba zenye majina mawili ndizo ushahidi mwepesi kuliko wote, na hazikusanyiki kwa wiki moja.

Chetezo, udi na mkaa

Chetezo kibebeke kama ni kidogo cha udongo, kikifungwa vizuri. Lakini mkaa usiwashwe ndani ya nyumba zile, hata kipande kimoja, hata dirisha likiwa wazi kidogo. Nyumba za kwetu zina matundu ya hewa chini ya dari. Za huko zimezibwa zisipitishe baridi, na hewa ya sumu ya mkaa haina harufu wala rangi. Hii inahusu pia jiko la mkaa na yale majiko ya kuchomea nyama ya kutumia mara moja, yanayoingizwa ndani mvua ikinyesha. Kwa udi nunueni chetezo cha umeme. Kengele ya moshi, ambayo sheria ya England tangu 2015 inamtaka mwenye nyumba aiweke kila ghorofa, italia hata kwa udi na kwa samaki wa kukaanga. Fungueni dirisha, washeni feni ya jikoni, fungeni mlango wa jiko. Msiifunike mfuko wa plastiki.

Dina seti

Ibaki. Maduka ya mitumba ya mashirika ya hisani, yaliyopo karibu kila mtaa wa biashara, yanauza sahani za kauri nzuri moja moja kwa bei ya mkate. Melamini hairuhusiwi kuingia mikrowevu, na dina seti nyingi za zawadi ni za melamini.

Kilo zilizobaki

Miko miwili, hotpoti ndogo na presha kuka havifiki kilo tano. Nafasi iliyobaki watu huijaza chakula, na hapo forodha ya Uingereza ina msimamo: nyama yoyote na kitu chochote cha maziwa kutoka Tanzania haviingii, na samli ya bibi imo humo, hata ifungwe namna gani. Pilipili mbichi zinahitaji cheti cha afya ya mimea. Nazi, ndizi na nanasi vinaruhusiwa bila cheti. Dagaa na samaki wakavu wanaruhusiwa kwa matumizi ya nyumbani, mpaka kilo 20. Viungo vikavu havina shida: iliki, mdalasini, karafuu, bizari nzima. Dagaa wafungwe mara tatu, mfuko wa mwisho uwe wa kuvuta hewa, na wasikae begi moja na nguo za harusi.